Bega linalotoka mara kwa mara: kushona ukingo ao kukaza mfupa kwa visi?

Wapenzi wa mpira wa Goma, Bukavu, Bunia na Uvira wanaofuata Real Madrid walimwona Jude Bellingham, karibu misimu miwili, akicheza na mkanda mzito wa kushikilia bega chini ya jezi. Bega lake la kushoto lilitoka tarehe 5 Novemba 2023 katika mchezo na Rayo Vallecano. Liliendelea kumsumbua, naye akaendelea kucheza nalo, mpaka mwezi wa Julai 2025, baada ya Kombe la Dunia la Vilabu, akapasuliwa. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo alikuwa amerudi uwanjani.

Mashariki mwa Kongo watu wenye bega la namna hiyo hawakosekani, ila hawana mkanda wa Madrid. Ni motari aliyeanguka na kujikinga kwa mkono. Ni msukuma chukudu aliyevutwa na mzigo kwenye mteremko, mvuvi wa sambaza aliyerusha wavu vibaya, mlinda mlango wa timu ya mtaa. Mara ya kwanza maumivu yalikuwa ya kupiga kelele. Mara ya tano mtu analirudisha mwenyewe nyuma ya mlango. Mara ya kumi linatoka akivaa shati, ao akijigeuza kitandani. Na motari ambaye bega lake linaweza kutoka wakati wowote habebi hatari yake peke yake: nyuma yake kuna abiria, mara nyingi mama na mtoto.

Siku mtu huyo anapofika kwa muganga wa mifupa, ataambiwa kwamba dawa na kukanda havitoshi tena, inaomba kupasuliwa. Na hapo kuna njia mbili kubwa. Moja inapitia matundu madogo na kamera, inashona kilichong'oka. Nyingine inafungua bega, inakata kipande cha mfupa na kukikaza kwa visi viwili mahali pengine. Wengi wakisikia hivyo wanachagua kamera hata kabla ya muganga kumaliza kusema, kwa sababu ni ya kisasa na kovu lake ni dogo. Kuna wanaouza shamba ao pikipiki ili waifuate Kigali, Kampala, Nairobi ao India. Kwa baadhi yao ni safari ya haki. Kwa wengine wamelipa bei kubwa kwa njia ambayo, kwenye bega lao, ndiyo dhaifu.

Chungwa juu ya kisahani

Bega ndicho kiungo kinachogeuka kupita vyote vya mwili, na ndiyo maana kinatoka kupita vingine. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo na kikubwa. Kibakuli kinachokipokea, kwenye ule mfupa bapa wa mgongoni unaoitwa omoplati, ni kidogo na hakina kina. Fikiria chungwa juu ya kisahani cha chai. Kinacholizuia lisianguke ni ukingo wa nyama ngumu unaozunguka kisahani, kano zinazoshika pande zote, na misuli inayovuta kila upande kwa zamu.

Kati ya mabega 100 yanayotoka, zaidi ya 90 yanatokea mbele. Mkono ukiwa umeinuliwa na kugeuzwa nje, kichwa cha mfupa kinasukuma ukingo wa mbele, kinaung'oa na kupita. Wakati huo huo mgongo wa kichwa hicho unagonga ncha ya kibakuli na kubonyea, sawa na kopo la bati lililopigwa kwenye kona ya meza. Mwaka 1940 waganga wawili wa radio wa Marekani, Hill na Sachs, walieleza bonyeo hilo, na mpaka leo majina yao yanaandikwa kwenye ripoti za radio.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi ni kwamba kila kutoka kupya kunakula kidogo. Ncha ya mbele ya kibakuli inasagika. Bonyeo la nyuma linaongezeka. Bega lililotoka mara moja na bega lililotoka mara kumi na tano yana jina moja kwenye fishi ya hospitali, luksasio, lakini ndani si bega moja. Kwenye la kwanza ukingo tu ndio umeng'oka. Kwenye la pili kisahani chenyewe kimekatika upande, na ukishona ukingo mpya juu ya kisahani kilichokatika, chungwa litaanguka tena.

Kushona: njia ya Bankart

Muganga wa London, Blundell Bankart, ndiye aliyesema wazi, mwaka 1923, kwamba shida ya bega linalorudia kutoka ni ule ukingo ulioachana na mfupa, na kwamba tiba ni kuurudisha pale ulipotoka. Mwaka 1938 alitoa habari ya wagonjwa 27 aliowapasua hivyo bila bega hata moja kutoka tena. Alifanya hayo kwa kufungua bega, kutoboa matundu kwenye mfupa na kupitisha nyuzi. Kamera haikuwako.

Leo kazi ile ile inafanywa kupitia matundu madogo. Kamera nyembamba inaingizwa ndani ya kiungo, maji yanasukumwa ndani ili muganga aone vizuri, kisha vishikio vidogo vyenye nyuzi, mara nyingi vitatu ao vinne, vinapandwa kwenye ncha ya kibakuli. Ukingo unavutwa na kufungwa hapo. Hakuna mfupa unaokatwa. Mishipa mikubwa ya fahamu haisumbuliwi sana. Bega linabaki na umbo lake la kuzaliwa, na kama kazi ikishindwa, njia ya mfupa bado iko wazi kwa mara ya pili. Hiyo faida ya mwisho ni kubwa kuliko inavyosikika.

Hapo katikati palikuwa na njia nyingine nyingi. Mojawapo, ya Putti na Platt, ilikuwa kukaza misuli ya mbele ya bega kama mtu anavyopunguza suruali kiunoni. Bega halikutoka, ni kweli, lakini mkono haukugeuka nje tena, na baada ya miaka kiungo kiliharibika kwa kukazwa kupita kiasi. Muganga anayetaja kukaza misuli peke yake kwa kijana wa miaka 20 anastahili kuulizwa maswali.

Kukaza mfupa: njia ya Latarjet

Mwaka 1954, mjini Lyon, Michel Latarjet alileta wazo lingine. Mbele ya bega, chini kidogo ya mtulinga, kuna kimfupa kilichopinda sawa na mdomo wa ndege; jina lake la kisomo, korakoidi, linatoka kwenye neno la Kiyunani la kunguru. Latarjet alikikata pamoja na kano zinazoning'inia kwake, akakihamisha mpaka kwenye ncha ya mbele ya kibakuli, akakikaza. Waganga wengine wa Ufaransa, Didier Patte na Gilles Walch kati yao, waliitengeneza vizuri zaidi, na leo desturi ni visi viwili, kipande cha urefu wa sentimita 2 hivi, na misuli ya mbele inayopasuliwa kwa kufuata nyuzi zake badala ya kukatwa.

Kwa nini inashika? Patte alisema ni kufuli tatu kwa mlango mmoja. Ya kwanza ni mfupa wenyewe: kisahani kilichokatika kinapata upana tena. Ya pili ni zile kano zilizohama pamoja na kimfupa. Mkono ukiinuliwa na kugeuzwa nje, yaani katika hali ile ile ya hatari, zinakaza na kuwa sawa na mshipi uliopita mbele ya kichwa cha mfupa. Ya tatu ni ngozi ya kiungo inayoshonwa kwenye kano iliyobaki juu ya kimfupa. Kufuli ya pili ndiyo yenye ujanja. Inafanya kazi tu pale inapohitajika, na mkono ukishuka inalegea.

Lakini njia hii haisamehe mkono usiozoea. Mishipa miwili ya fahamu inapita karibu kabisa na mahali pa kazi. Mmoja unaendesha misuli ya kukunja kiwiko, mwingine misuli ya kuinua bega. Ukivutwa sana ao kukatwa, mgonjwa anaamka na bega lisilotoka na mkono usioinuka. Kimfupa kikiwekwa nje kidogo kuliko inavyopaswa, kinasaga kichwa cha mfupa wa mkono na kuleta maumivu ya miaka. Kikiwekwa ndani sana, bega linatoka tena kana kwamba hakuna kilichofanywa. Visi virefu kupita kiasi vinaweza kugusa mshipa wa nyuma. Na kama kimfupa hakikushikana na kibakuli, visi vinaweza kupinda ao kukatika.

Hesabu zinasema nini

Utafiti ambao waganga wengi wa mabega wanautaja kwanza una mguu mmoja Afrika. Mwaka 2000, Stephen Burkhart wa Marekani na Joe de Beer wa Cape Town walitazama wagonjwa 194 walioshonwa ukingo kwa kamera. Bega lilitoka tena kwa watu 21. Hiyo peke yake si mbaya. Lakini walipowagawa kwa hali ya mfupa, picha ilibadilika kabisa. Kati ya wale ambao mfupa wao haukuwa umelika sana, 4 tu kwa 100 walirudiwa. Kati ya wale waliokuwa na mfupa ulioharibika sana, 67 kwa 100. Waganga walikuwa wale wale, na kamera na nyuzi pia. Kilichotofautiana ni kisahani.

Tangu siku hiyo swali si tena "Bankart ao Latarjet, ipi ni bora?" bali "mfupa umebaki kiasi gani?" Kwa miaka mingi waganga walisema kibakuli kikipoteza kati ya 20 na 25 kwa 100 ya upana wake, kushona peke yake hakutoshi. Mwaka 2015 utafiti kwa askari wa Marekani ulishusha mpaka huo: hata kwenye upotevu wa 13.5 kwa 100, walioshonwa walikuwa na hali mbaya zaidi, hata kama bega lao halikutoka waziwazi. Kwa watu wanaobeba mizigo na kufanya kazi za nguvu, mfano wa askari uko karibu kuliko ule wa mchezaji wa tenisi.

Mjini Zurich, Uswisi, waganga walilinganisha wagonjwa wa njia hizo mbili baada ya miaka mingi, wastani wa miaka kumi hivi. Bega lilikuwa limetoka tena, kabisa ao nusu, kwa watu 28 kwa 100 kati ya walioshonwa kwa kamera, na kwa 3 tu kwa 100 kati ya waliofanyiwa Latarjet. Hesabu hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu, maana wagonjwa hawakugawanywa kwa kura. Lakini pengo ni kubwa, na lilizidi kupanuka kadiri miaka ilivyopita. Walioshonwa waliendelea kurudiwa hata mwaka wa tano, wa sita. Wa mfupa, kama kazi ilishika, ilishika.

Kwa upande mwingine wa mizani kuna muhtasari wa mwaka 2013, uliokusanya tafiti 45 na mabega 1,904 yaliyofanyiwa Latarjet ao ndugu yake, njia ya Bristow. Waliorudiwa kabisa walikuwa karibu 3 kwa 100. Lakini matatizo ya kila aina, makubwa na madogo, yalifika 30 kwa 100, na 7 kwa 100 walirudi kwenye meza ya upasuaji. Mtu akikuambia Latarjet haina shida, hajasoma ukurasa wa pili.

Tena Latarjet ikishindwa, kurudia ni kazi ngumu. Kimfupa kimekwisha kutumika, mishipa imehama mahali pake, makovu yamejaa. Inabaki kuchukua kipande cha mfupa wa nyonga na kukipandikiza, na hiyo si kazi ya kila hospitali.

Pointi kumi na picha moja ya radio

Kupima mfupa vizuri kunaomba skana. Katika miji mikubwa ya mashariki skana zinapatikana, kwa bei ambayo wengi wanajilipia mfukoni. Katika teritware za mbali mtu anapata radio ya kawaida, ikiwa umeme upo. Kwa hiyo inafaa kujua kwamba kuna kipimo kisichohitaji skana. Mwaka 2007, Frédéric Balg na Pascal Boileau, waliokuwa wakifanya kazi Nice, Ufaransa, walitunga hesabu ya pointi kumi inayojazwa kwa maswali, mikono na radio moja ya mbele.

Umri wa miaka 20 ao chini unaleta pointi mbili. Kucheza mashindano kunaleta mbili. Mchezo wa kugongana ao wa kuinua mkono juu ya kichwa, moja. Viungo vilegevu vya kuzaliwa, moja. Bonyeo la Hill na Sachs likionekana kwenye radio mkono ukiwa umegeuzwa nje, mbili. Mstari wa ncha ya kibakuli ukiwa umefutika, mbili. Kwa mgonjwa aliyepita pointi 6, hatari ya bega kurudia baada ya kushonwa kwa kamera ilikuwa 70 kwa 100, na waandishi wenyewe walishauri mtu huyo apelekwe kwenye Latarjet. Waganga waliofuata walishusha mpaka huo, wengine mpaka 3 ao 4.

Jaribu kwa mlinda mlango wa miaka 19 wa timu ya mtaa ambaye bega lake limetoka mara nane. Umri, mashindano na aina ya mchezo vimekwisha kumpa pointi tano kabla hajaingia chumba cha radio. Bonyeo likionekana, amefika saba. Kijana huyo, kamera ya bei kubwa haitamsaidia. Sasa chukua mwalimu wa miaka 35, aliyeanguka kwenye ngazi, bega likatoka mara mbili ndani ya miaka minne, radio safi. Pointi zake ni sifuri. Kwake kushona kunatosha vizuri, na kumkata mfupa ni kumtia kwenye hatari ya bure.

Hapo ndipo hali ya mashariki mwa Kongo inapogeuza mambo kwa namna isiyotarajiwa. Kushona kwa kamera kunahitaji mnara mzima wa mashine, pampu ya maji, vifaa vinavyosafishwa kwa namna yake, na vishikio ambavyo kila kimoja kinatumika mara moja. Latarjet ya wazi inahitaji msumeno ao patasi, mashine ya kutoboa, visi viwili vya chuma, dawa nzuri ya kulalisha na mtu anayejua njia. Hivyo ni vitu ambavyo hospitali inayotibu mivunjiko tayari inavyo. Katika nchi zinazosoma uganga kwa Kifaransa njia hii ina wazee wake na vitabu vyake. Kwa hiyo kijana mwenye mfupa uliolika anaweza kupata karibu na nyumbani tiba inayomfaa kuliko ile ya mbali. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwezi wa Januari 2025, hilo si jambo dogo.

Kinachokosekana ni mikono. Muganga anayepiga visi kwenye mguu kila siku si lazima awe anajua bega. Swali la kumwuliza ni rahisi, na muganga mzuri halioni kama tusi: umefanya ngapi? Asiyekuwa amefanya hata moja anaweza bado kusaidia kwa Bankart ya wazi, ile ya 1938, kama mfupa unaruhusu, ao kumtuma mgonjwa kwa mwenzake.

Si kila bega ni la kupasuliwa

Kabla ya kuuza kitu, inafaa kujua ni bega gani. Motari wengi wanaoanguka na ncha ya bega hawatoi kiungo kikubwa. Kinachoachana ni mahali mtulinga unapokutana na omoplati, juu kabisa, na panabaki kinundu chini ya ngozi. Huko vita ni kati ya plaka yenye ndoano, inayobonyeza mtulinga chini, na kamba ngumu yenye vifungo inayouvuta kutoka chini. Plaka ni rahisi kuweka, lakini inachimba mfupa wa juu na kwa kawaida inaomba kutolewa baada ya miezi michache, yaani kupasuliwa mara ya pili. Kamba haihitaji kutolewa, ila inaweza kulegea ao kupasua mfupa unaoishikilia. Na kwa wengi, hakuna kinachohitajika. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2015, uliogawa wagonjwa 83 kwa kura, ulionyesha kwamba wasiopasuliwa walipona haraka zaidi kuliko waliowekewa plaka ya ndoano, na baada ya miaka miwili walikuwa sawa. Kinundu kinabaki. Mkono unafanya kazi.

Hata bega lililotoka kweli kwa mara ya kwanza halilazimu kisu. Nchini Uswedi, Lennart Hovelius na wenzake waliwafuata wagonjwa miaka 25. Kati ya waliokuwa na umri wa miaka 12 mpaka 25 walipoumia, nusu ya mabega hayakurudia kutoka ao yalitulia yenyewe kadiri miaka ilivyokwenda. Nusu nyingine ndiyo yenye shida, na hakuna anayeweza kumwambia kijana siku ya kwanza yuko upande gani.

Kwa mtu aliyepita miaka 40, bega halirudii sana, lakini mara nyingi kano za juu zimepasuka wakati wa kutoka. Akikaa wiki tatu bila kuweza kuinua mkono, asiambiwe kwamba ni uzee.

Wagonjwa wa kifafa ni habari nyingine, na mashariki mwa Kongo wako wengi. Katika Ituri, kwenye eneo la afya la Logo, watafiti walikuta kifafa kingi mahali ambapo onkoserkoze, ugonjwa wa upofu unaoletwa na nzi wa mtoni, imeenea. Mshtuko wa kifafa una nguvu ya kutoa bega, tena mara nyingine kwa nyuma, na bega lililotoka nyuma linaweza kuonekana karibu zima kwenye radio ya mbele. Mgonjwa anarudishwa nyumbani na dawa ya maumivu. Ishara yake ni mkono uliokwama ndani, usioweza kugeuka nje hata kidogo. Kwa wagonjwa hao dawa ya kifafa inatangulia visi. Ukikaza mfupa wa mtu ambaye mishtuko haijatulizwa, mshtuko unaofuata utavunja kazi yote.

Na kuna wale wanaofika wakiwa wamechelewa kabisa. Mtu ameanguka, amepelekwa kwa muunga mifupa, amekandwa kwa maji moto mwezi mzima, na bega bado liko nje. Waunga wengine wana mikono ya ajabu na wanajua mpaka wao. Lakini bega lililokaa nje zaidi ya wiki tatu limefunga makovu kuzunguka mishipa mikubwa ya damu. Kulivuta kwa nguvu kunaweza kuupasua mshipa ao kuuvunja mfupa. Siku ya kwanza radio moja kabla ya kulirudisha na moja baada yake zingeokoa yote hayo. Hata kabla ya radio, kuna jambo mtu yeyote anaweza kutazama: kama ngozi ya upande wa nje wa bega imekufa ganzi, ao vidole havinyooki, mshipa wa fahamu umeguswa, na hilo liandikwe kwenye fishi kabla mtu hajalishika bega.

Baada ya visi

Waliopasuliwa wanakosea zaidi hapa. Bega lililoshonwa linakaa kwenye kitambaa wiki nne mpaka sita, kwa sababu ukingo unashikana polepole na hakuna kinachoushikilia isipokuwa nyuzi. Lile la Latarjet linaachiliwa mapema, mara nyingi baada ya wiki mbili ao tatu, na mazoezi ya kine yanaanza: kuning'iniza mkono, kuuinua kwa msaada wa mkono mwingine, kisha kuugeuza nje taratibu. Kuinua mzigo kwa kukunja kiwiko kunakatazwa wiki za kwanza, maana misuli hiyo imefungwa kwenye kimfupa kilichohamishwa na inakivuta.

Kwa mwezi wa pili maumivu yamekwisha, na hapo motari anaona haya kukaa nyumbani. Versement ya mwenye pikipiki haingoji. Lakini usukani unatetemeka, barabara za Kivu zinajulikana, na mfupa bado haujashikana. Wanaocheza michezo ya kugongana wanaruhusiwa kwa kawaida karibu na mwezi wa nne baada ya Latarjet, na wa sita baada ya kushonwa. Bellingham alirudi mapema kuliko hapo, akiwa na kikundi cha waganga na kine kila siku ya Mungu. Anayesukuma chukudu hana kikundi hicho, na anapaswa kuhesabu miezi hiyo kabla ya kukubali kupasuliwa, siyo baada: nani atalisha nyumba, na kwa pesa gani.

Radio ya mwezi wa tatu ndiyo inayoonyesha kama kimfupa kimeshikana na kama visi vimekaa sawa. Wengi hawaifanyi, kwa sababu bega haliumi tena na bei ya radio ni chakula cha siku kadhaa. Anayeifanya aihifadhi picha yenyewe pamoja na ripoti ya upasuaji, mahali pakavu, hata akihama ao kukimbia vita. Muganga yeyote atakayelifungua bega hilo siku nyingine atataka kujua kwanza visi viko wapi na mishipa ilipitishwa upande gani.